Afya ya Jamaa: Alama Ndogo Katika Mwili wa Mvulana

Jambo tutakalolieleza juma hili si la kusomwa kwa sauti mbele ya wageni, wala si la kufichwa. Lafaa lisomwe na baba na mama jioni, watoto wadogo wakiisha kulala. Kisha baba amwite mwanawe aliyefika umri wa kuelewa, amweleze kwa maneno machache yaliyo safi. Tutasema juu ya viungo vya uzazi vya mvulana, juu ya alama moja ndogo ambayo waganga huitazama humo, na juu ya ugonjwa mmoja usiongoja mapambazuko.

Wako watakaouliza: Je, yafaa jamaa za Kikristo kuzungumza mambo hayo? Twajibu kwamba yafaa, tena yapasa. Muumba hakuumba kiungo hata kimoja kilicho kibaya. Mtume Paulo, alipowafundisha Wakristo wa Korinto kwa mfano wa mwili, aliwaonyesha kwamba vile viungo tunavyovisitiri ndivyo tunavyovipa heshima zaidi. Kusitiri kiungo, basi, ni kukiheshimu, si kukikana. Iko haya njema, inayomfundisha kijana kujistahi. Na iko haya mbaya, inayomfunga kinywa hata saa anapohitaji msaada. Haya hiyo ya pili yaweza kumpotezea kijana kiungo chake katika usiku mmoja tu, nasi tutaonyesha jinsi inavyokuwa.

Mwili hutenda bila kuamriwa

Mama akigusa kwa bahati mbaya kifuniko cha sufuria iliyo motoni, mkono wake huruka kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Vumbi likikaribia jicho, kope hujifunga zenyewe. Matendo ya namna hiyo hayangoji nia yetu. Habari hutoka ngozini, husafiri kwa njia ya neva, yaani nyuzi za fahamu, hata kamba kubwa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo. Hapo jibu hutolewa mara moja, nalo hurudi kwa neva nyingine hata kwenye msuli. Waganga huliita tendo hilo refleksi.

Refleksi nyingine huanzia katika kano: mganga hugonga chini ya goti kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu huruka. Nyingine huitwa za juujuu, kwa kuwa huanzia katika ngozi. Iliyo mashuhuri miongoni mwa hizo ni ile ya wayo. Mwaka 1896, mjini Paris, daktari Joseph Babinski alieleza kwamba mgonjwa aliyeharibika njia za fahamu zitokazo ubongoni, akikwaruzwa wayo, kidole chake kikubwa cha mguu huinuka juu badala ya kuinama chini. Kwa mkwaruzo mdogo wa ngozi, mganga alipata habari za mahali ambapo jicho lake halikuweza kufika. Refleksi tutakayoisimulia leo ni ndugu ya hiyo.

Msuli wenye kutundika

Kila mwanamume ana korodani mbili, ambazo wengine huziita kende, nazo hukaa ndani ya mfuko wa ngozi nje ya tumbo. Huenda mtu akastaajabu kuona viungo vyenye thamani kiasi hicho vimewekwa nje, hali moyo na mapafu vimefungiwa ndani ya ngome ya mbavu. Sababu ni joto. Mwili wa mtu mwenye afya una joto la digrii 37 hivi. Lakini mbegu za uzazi huhitaji mahali palipopungua joto kwa digrii 2 hadi 4, ili zitengenezwe vizuri. Mama huweka mtungi wa maji kivulini penye upepo; vivyo hivyo viungo hivi vimewekwa nje vipate kupoa.

Walakini baridi ikizidi si njema pia. Kwa hiyo kila korodani imetundikwa kwa kamba yake, nayo kamba hiyo imezungukwa na msuli mwembamba uitwao kremasta. Jina hilo latoka katika lugha ya Kiyunani, na maana yake ni chenye kutundika. Penye baridi, au mtu akishikwa na hofu, msuli hujikaza na kuivuta korodani juu karibu na mwili. Penye joto msuli hulegea, na korodani hushuka. Kijana aliyeoga alfajiri katika maji ya ziwa Kivu hahitaji kitabu kumthibitishia jambo hilo.

Sasa, ngozi ya upande wa ndani wa paja, juu karibu na kinena, ikikwaruzwa polepole, kremasta ya upande uleule hujikaza mara moja. Korodani ya upande huo hupanda, kiasi cha nusu sentimeta au zaidi, kisha hushuka tena pasipo haraka. Hiyo ndiyo refleksi ya kremasta. Njia yake hupita katika neva za kiunoni zitokazo juu ya uti wa kiuno, ya kwanza na ya pili. Yaonekana kuwa jambo dogo lisilo na faida. Lakini haingoji nia ya mtu, na kwa sababu hiyo hutoa ushahidi hata pale ambapo kinywa cha mgonjwa kimefungwa na haya.

Mambo mawili ya kwanza: neva, na mtoto mdogo

Mganga hupata mafunzo matatu kwa refleksi hiyo. La kwanza ni juu ya neva, nalo tutalipitia upesi. Mtu akianguka kutoka juu ya mchikichi, au akipinduka na pikipiki, naye akawa hasikii miguu, mganga hupima refleksi moja baada ya nyingine, kutoka tumboni hata nyayoni. Ile ya kremasta ikikosekana pamoja na nyingine, humsaidia kujua ni mahali gani pa uti wa mgongo palipodhurika. Aliyepata kupasuliwa ngiri aweza pia kuikosa upande mmoja, kwa kuwa neva yake hupita pale pale penye kovu.

Funzo la pili ni la akina mama. Korodani za mtoto wa kiume huanza kutengenezwa juu ndani ya tumbo lake mwenyewe, karibu na figo, nazo hushuka kabla hajazaliwa. Katika watoto 100 waliotimiza miezi yao, karibu 3 huzaliwa korodani moja au zote mbili hazijafika mahali pake. Wale waliozaliwa kabla ya wakati, hesabu yao ni kubwa zaidi. Nyingi hushuka zenyewe katika miezi 6 ya kwanza. Ile isiyoshuka haifai kuachwa. Yapasa mtoto apelekwe kwa mganga, na akipaswa kupasuliwa, wakati mwema ni kati ya miezi 6 na miezi 18. Korodani iliyobaki katika joto la tumbo hupungukiwa nguvu ya uzazi, na hatari ya kupata saratani huongezeka.

Lakini mara nyingine refleksi yetu huleta hofu ya bure. Katika mtoto wa miaka 2 hadi 10 msuli wa kremasta una nguvu nyingi. Mama humvua nguo asubuhi ya baridi, akaona mfuko mtupu. Au mtu humshika mtoto kwa mikono baridi, naye akaogopa, na korodani zikapanda juu zisionekane. Ndipo jirani husema mtoto amelogwa, ameibiwa viungo vyake. Uvumi wa namna hiyo si mchezo. Mwezi wa Aprili 2008 mji wa Kinshasa ulijaa habari za watu waliodai kwamba viungo vyao vya kiume vimeibwa au kupunguzwa kwa uchawi; polisi iliwakamata washtakiwa, hata na walalamikaji wengine, ili watu wasiuawe barabarani. Tujue, basi, kwamba hofu yenyewe hukaza misuli na kurudisha viungo hivyo juu. Hakuna aliyeiba kitu.

Mama mwenye mashaka amwogeshe mtoto katika maji ya vuguvugu, mahali patulivu. Korodani zote mbili zikionekana chini zimekaa, ni kazi ya msuli tu. Hata hivyo amwambie mwuguzi, na mtoto atazamwe kila mwaka hata abalehe, maana chache miongoni mwa korodani hizo hupanda baadaye zikabaki juu.

Funzo la tatu: korodani ikijisokota

Hili ndilo tulilokusudia hasa. Katika watu wengi korodani imeshikamana vizuri na ukuta wa mfuko wake, kwa hiyo haiwezi kuzunguka. Lakini wako wavulana ambao kwao haikushikamana. Yaning'inia huru mfano wa ulimi wa kengele ya kanisa. Mvulana huzaliwa hivyo, wala hana dalili yoyote, wala wazazi wake hawana kosa. Siku moja korodani hiyo huzunguka, na kamba yake hujisokota kama kitambaa kilichokamuliwa na mfuaji.

Ndani ya kamba hiyo hupita mishipa ya damu. Kwanza hufungwa mishipa inayotoa damu, na korodani huvimba. Kisha hufungwa ule unaoleta damu, na korodani hukosa hewa na chakula. Kiungo kisichopata damu hufa. Ugonjwa huo waweza kumpata mwanamume wa umri wowote, hata mtoto mchanga, lakini huwapata hasa wavulana wa miaka 12 hadi 18. Katika nchi walikofanya hesabu, yasemwa kwamba kila mwaka humpata mmoja katika wanaume 4.000 walio chini ya miaka 25. Si wengi, lakini katika mji mkubwa au katika jimbo lenye shule nyingi, hapakosi mwaka bila mgonjwa wa namna hiyo.

Dalili zake ni hizi. Maumivu makali huanza ghafla, upande mmoja, mara nyingi usiku kijana akiwa usingizini. Huona kichefuchefu, pengine hutapika. Pengine maumivu huonekana chini ya tumbo, hata mtu hudhani ni tumbo. Korodani huwa ngumu, imepanda juu kuliko mwenzake, au imelala kwa ubavu. Baadaye mfuko huvimba na kuwa mwekundu. Kwa kawaida mwanzoni hakuna homa, wala mkojo hauchomi. Na mganga akiikwaruza ngozi ya paja la upande huo, korodani haipandi. Refleksi imenyamaza.

Upande wa pili refleksi yajibu. Upande wa ugonjwa haijibu. Ukimya huo ndio habari. Maana yako maradhi mengine yanayofanana na hili. Iko ambukizo la mrija ulio nyuma ya korodani, ambalo aghalabu huja polepole kwa siku kadhaa, pamoja na homa au mkojo wa kuchoma. Kiko kipande kidogo juu ya korodani kiwezacho kujisokota peke yake katika watoto wa miaka 7 hadi 12, bila kuiua korodani. Iko matumbwitumbwi, ambayo kwa vijana waliobalehe hushuka hata korodani siku chache baada ya mashavu kuvimba. Katika maradhi hayo mara nyingi refleksi hubaki. Basi mganga asiye na mashine yoyote, mwenye taa na mikono yake tu, aweza kupata alama ya kumwambia: huyu asilale hapa, apelekwe kwa mpasuaji sasa hivi.

Hesabu ya saa

Korodani iliyojisokota ikifunguliwa kabla muda wa saa 6 haujapita tangu maumivu yaanze, zaidi ya 9 katika 10 huokoka. Kila saa inayoongezeka hupunguza tumaini. Baada ya siku nzima, nyingi zimekwisha kufa.

Tuipige hesabu hiyo kwa saa zetu. Kijana wa bweni aamshwa na maumivu saa 8 ya usiku. Aona haya, ajikunja katika blanketi, angoja. Saa 12 kengele yalia. Aenda kanisani pamoja na wenzake, uso umekauka. Saa 1 amwambia rafiki yake. Rafiki amwambia, "Ni ngiri tu, itaisha." Saa 2 ya asubuhi zile saa 6 zimekwisha, wala mtu mzima hata mmoja hajapata habari. Bado kwenda kwenye kituo cha afya. Bado barua ya kwenda hospitali kuu ya rufaa. Bado njia, na ninyi mwazijua njia zetu wakati wa mvua. Kwa hiyo tusidhani kwamba saa 6 ni muda mrefu. Ukiondoa safari, huenda zimebaki 2 au 3 za kuamua.

Mganga hufanya nini? Humlaza kijana usingizi wa dawa, hupasua mfuko kidogo, huifungua korodani, huifunika kwa kitambaa cha vuguvugu na kuitazama. Ikirudisha rangi yake, huishona mahali pake isizunguke tena. Huishona na ya pili pia, kwa kuwa mara nyingi kasoro iko pande zote mbili. Ikiwa imekufa, huiondoa. Na hapa twawaambia wale ambao jambo hilo limekwisha kuwapata: mwenye korodani moja iliyo nzima kwa kawaida aweza kuoa na kupata watoto. Asidharauliwe na mtu, wala asijidharau mwenyewe.

Yanayowachelewesha watu

La kwanza ni lile tulilolitaja, haya. Kijana huogopa kuambiwa, "Ulikwenda wapi? Ulifanya nini?" Baba au mlezi ambaye huuliza hivyo kwanza, kabla ya kumpeleka mgonjwa, amekwisha kupoteza saa moja, na amemfundisha kijana kunyamaza siku nyingine. Twasema waziwazi: kujisokota kwa korodani si ugonjwa wa uasherati wala si adhabu ya dhambi. Humpata mseminari kama amwonavyo askari, humpata mtoto wa miaka 12 aliye safi kama malaika. Hata kama kijana angekuwa na kosa lingine la kuungama, hilo lina wakati wake na mahali pake. Usiku ule mahali pake ni hospitali.

La pili ni jina. Watu wetu huita maumivu yote ya mahali pale ngiri au mshipa, na kwa kuwa wamewaona wazee walioishi na ngiri miaka 20, huona hakuna haraka. Lakini hata ngiri yenyewe, ikitoka ikawa ngumu, isirudi, na mtu akatapika, ni hatari ya kufa, nayo yataka mpasuaji siku ileile.

La tatu ni mpira. Kijana apigwa teke uwanjani, na maumivu yote ya jioni husingiziwa teke hilo. Teke laweza kweli kuumiza, hata laweza kuwa mwanzo wa kujisokota. Kanuni ni hii: maumivu ya pigo hupungua upesi, yakipita saa moja bila kupungua, apelekwe.

La nne ni dawa za kwanza zipatikanazo. Mmoja hukanda kwa maji ya moto, mwingine huchanja chale, mwingine hununua vidonge vya kupoza maumivu sokoni. Vidonge huweza kuyatuliza maumivu, lakini havifungui kamba. Wako pia wanaojaribu kuizungusha korodani kwa mikono. Waganga hufanya hivyo pengine, wakati mpasuaji yu mbali. Lakini kamba haijisokoti upande mmoja kwa watu wote, na asiyejua aweza kuikaza zaidi badala ya kuifungua.

La tano hudanganya kuliko yote: maumivu kuondoka yenyewe. Huenda korodani imejifungua. Kijana hufurahi, wazazi hushukuru, na habari huishia hapo. Lakini iliyojisokota mara moja yaweza kujisokota tena. Kijana wa namna hiyo amwone mganga ingawa sasa haumwi. Tena iko hali nyingine iliyo mbaya: maumivu hupungua kwa sababu kiungo kimekufa.

Ushahidi una mipaka

Tumeisifu refleksi ya kremasta. Sasa tuseme na mipaka yake, ili mtu asiitumie vibaya. Mwaka 1984 daktari Ronald Rabinowitz wa Marekani alitangaza habari za wavulana 245 waliovimba ghafla mahali pale. Wale 56 waliokuwa wamejisokota, wote walikosa refleksi. Kwa habari hiyo wengi walidhani wamepata kanuni isiyokosea. Lakini tangu hapo waganga wengine wameandika habari za wagonjwa waliojisokota na bado refleksi yao ikajibu. Kwa upande mwingine, karibu nusu ya watoto walio chini ya miezi 30 hawana refleksi hiyo ingawa ni wazima kabisa.

Kwa hiyo leo waganga huihesabu pamoja na alama nyingine. Iko hesabu iitwayo TWIST, iliyotangazwa mwaka 2013, yenye pointi 7: uvimbe hupewa 2, ugumu wa korodani 2, kukosa refleksi 1, kichefuchefu au kutapika 1, na korodani kupanda juu 1. Mwenye pointi nyingi hupelekwa kupasuliwa bila kukawia. Mwenye chache hutazamwa zaidi, na penye mashine ya ekografi hutazamwa kama damu yapita. Refleksi, basi, ni shahidi mmoja katika baraza la mashahidi. Akinyamaza, tushtuke, akisema, tusilale.

Tena twaonya kwa nguvu: kipimo hiki ni kazi ya mganga au mwuguzi aliyefundishwa, mahali pa kazi yake, mzazi au mtu wa kuaminika akiwapo. Hakuna mwalimu, wala mlezi wa bweni, wala katekista, wala jamaa wa nyumbani mwenye ruhusa ya kumgusa kijana mahali hapo ati kwa kujaribu refleksi. Mtoto na aambiwe hivyo, ili ajue kutofautisha mganga na mtu mwenye nia mbaya. Wala mzazi asijaribu nyumbani ili ajue kama aende au asiende. Maumivu ya ghafla yametosha kuwa sababu ya kwenda.

Ya kufanya

Kijana akilalamika maumivu ya ghafla ya korodani, au maumivu ya chini ya tumbo ambayo haelezi vizuri, mambo ni haya. Muulize kwa upole yameanza saa ngapi, uiandike saa hiyo kwenye karatasi, mganga ataihitaji. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda atalazwa usingizi wa dawa. Usingoje asubuhi, wala mwisho wa Misa, wala baba arudi kutoka safarini. Kama kituo cha afya kilicho karibu hakina mpasuaji, omba upelekwe moja kwa moja hospitali, na mwuguzi apige simu ili watu wa huko wawe tayari. Hata saa 6 zikiisha kupita, nenda. Wako waliookolewa baadaye, na hata palipokufa kiungo kimoja, yapasa cha pili kilindwe.

Na ninyi wakuu wa shule na walezi wa mabweni, yafaa kila kijana ajue ni mlango gani abishe hodi usiku, na kwamba aliye nyuma ya mlango huo hatamcheka wala kumkemea. Neno hilo lisemwe siku ya kwanza ya mwaka, mbele ya wote, pamoja na kanuni za moto na za maji.

Lakini kazi ya kwanza ni ya baba. Na kama baba hayupo, ni ya mjomba au ya babu. Katika jamaa zetu nyingi mzee huona vigumu kusema mambo haya na mwanawe, naye mwana huona vigumu zaidi kuanza. Basi aanze aliye mkubwa. Haitaki hotuba. Yatosha siku moja, mkirudi shambani wawili tu, baba aseme: "Mwanangu, umekua. Ukisikia maumivu makali sehemu zako za siri, iwe mchana au usiku, uniamshe. Sitakuuliza neno, nitakupeleka kwa mganga. Na ukiwa shuleni, mwambie mlezi usiku uleule." Naye mwana, akiwa amelelewa vema, atainamisha macho na kujibu, "Ndiyo, baba." Mazungumzo yamekwisha. Yamechukua dakika moja, nayo yaweza kumwokoa siku ambayo mwili wake utasema jambo ambalo kinywa chake kisingethubutu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya ngiri ya kitovu kwa watoto wachanga, na kwa nini sarafu ifungwayo juu yake haiponyi kitu.